Kura Sitini na Tatu kutoka Mwatate

Maktaba ya Ilford, London
Alhamisi, 3 Julai 2025

Shemeji Mwalimu Gerishon,

Uko hai? Kama umekufa, mwambie mkeo anijibu yeye, na pole zake nitampa baadaye.

Nakuandikia barua pepe kwa kompyuta ya bure hapa maktaba, kushoto kwangu mwanamke anatafuta kazi, kulia mzee anakoroma. Kwenye lile kundi la familia la simu siwezi kusema kitu, maana Priscilla binti yangu ndiye askari wa pale. Anasoma yote, hata nikituma picha ya kikombe. Na hili ni la siri. Ukishasoma lifute, au ulimeze.

Natasha wa Priscilla unamjua, yule mjukuu wangu aliyerithi miguu ya marehemu dada yako na ubishi wako wewe. Miaka sita sasa anacheza mpira wa Kiaustralia. Usicheke. Mpira wenyewe una umbo la yai. Wanaupiga teke, wanaupiga ngumi, wanapandana mabegani kama watu wanaogombea unga wa msaada. Goli lina milingoti minne badala ya miwili, nadhani walinunua jozi mbili kwa bei ya moja. Timu yake inaitwa Korongo wa Wanstead, wasichana tupu.

Sasa fungua masikio. Kila mwaka mashabiki hupiga kura mtandaoni kumchagua mchezaji bora wa msimu. Si kocha, si kamati. Mashabiki. Na mwaka huu mshindi analipiwa kwenda Melbourne wiki tatu, kufanya mazoezi na wanawake wanaolipwa mshahara kwa kucheza. Sharti awe hajatimiza miaka ishirini na mitano. Natasha anaitimiza Oktoba. Kwa hiyo ni mwaka huu, au basi tena. Kwenye simu yake ameweka saa mbili: ya hapa na ya Melbourne. Hajaniambia kwa nini, na mimi sijauliza, lakini darasa la nne nilifika.

Amekataza mtu yeyote asimwombee kura. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Fomu haisemi shabiki lazima awe ameuona mchezo. Inataka jina, mji, na anwani ya barua pepe. Mwisho ni Jumapili tarehe 17 Agosti, saa sita usiku ya huku. Kila mpiga kura anachagua wachezaji watatu na kuwapa 3, 2 na 1. Wewe nikusanyie watu hapo Mwatate. Natasha apewe namba moja. Namba mbili mpeni yeyote mnayeweza kulitamka jina lake. Na namba tatu, wa kushika mkia, awe Ushma binti wa Praful.

Ushma mwenyewe hana kosa, mtoto wa watu. Tatizo ni babake. Ana duka kule Kingsbury, lakini kila Jumamosi anakuja kusimama kando yangu uwanjani na mwavuli wake. Alizaliwa huko kwetu, anasema Voi au karibu na Voi, wakaja huku akiwa mtoto. Kiswahili anacho, na chote anakitumia kunichokoza mimi. Juzi amesema mjukuu wangu anakimbia kama mtu anayetafuta choo. Nataka amwone bintiye mkiani kwa kura za wananchi.

Usiharibu.

Wako wa darasa la nne,
Solomon Mwadime

*

Mwatate
Jumanne, 8 Julai 2025

MINT: KAMPENI YA NATASHA

Shemeji mpendwa,

Barua yako niliifungua Ijumaa katika saiba ya Njeri, yaani duka lake la intaneti, ambako mimi huteremka kila Jumanne na Ijumaa. Nilihesabu makosa ishirini na mawili ya tahajia. Nimeisahihisha na kuhifadhi nakala safi, ili vizazi vijavyo visiaibike.

Kuhusu hoja yenyewe. Naona ni halali, kwa kuwa kanuni haikatazi. Jumapili, baada ya ibada, niliomba dakika kumi. Nilipewa ubao wa shule ya Jumapili na chaki moja. Nikachora fomu nzima. Nikauliza, "Namba moja ni nani?" Wakajibu, "Natasha!" Nikauliza, "Na namba tatu?" Wakajibu, "Ushma!" Niliwarudisha mara nne mpaka mzee mmoja aliyekuwa amesinzia naye akajibu.

Jambo moja lilinisumbua. Fomu imeandika 3, 2, 1, yaani imeanza na tatu. Nimetafakari na kuhitimisha kwamba Waaustralia, kwa kuwa wako upande wa chini wa dunia, huanza kuhesabu mkiani. Nimewaeleza watu hivyo na wameridhika.

Wasio na barua pepe Njeri anawafungulia. Mpaka leo wamepiga kura kumi na wanane. Nina orodha ya sitini na watatu: kwaya, akina mama, na walimu wastaafu wawili ambao hatusalimiani lakini kwa hili wamekuja.

Nidhamu yao ingekushangaza. Walikaa safu kwa safu. Walinyoosha mkono kabla ya kusema.

Shemeji wako,
Mwl. Gerishon Mwasaru

*

Ilford
Jumatatu, 21 Julai 2025

Jemadari wa Chaki,

Nimekusoma. Ubao! Kanisani! Wewe ungemtoa Roho Mtakatifu nje kwa kukosa yunifomu.

Jumamosi tulicheza na wasichana wa kusini ya mto. Natasha kafunga magoli matatu. Nikueleze, kwa kuwa hujui: ukipitisha mpira kati ya milingoti mirefu ya katikati, unapata pointi sita. Ukikosa, ukapita pembeni kwa ile mifupi, hawakuachi mikono mitupu, wanakupa pointi moja. Kwetu mtu akikosa anapewa matusi. Hawa wanampa moja, ya pole.

Praful akanigeukia chini ya mwavuli. "Solomoni, leo mjukuu wako kaokota moja moja nyingi."

"Ngoja tu, Praful," nikamwambia. "Utaona moja ni nini."

"Unanitisha?"

"Nakuandaa."

Akanipa chevda, ule mchanganyiko wao wa dengu na karanga wenye pilipili, kwenye kikopo. Vibaya hapiki. Hata hivyo mkiani bintiye atakwenda.

Matokeo ya awali wanayabandika kwenye ukurasa wa klabu Jumatatu ya tarehe 4 Agosti, kuwapandisha watu joto kabla ya mwisho. Siku hiyo nitavaa suti.

Solomon

*

Mwatate
Jumanne, 5 Agosti 2025

MINT: MATUSI KWA NJIA YA SIMU

Bwana Solomon Mwadime,

Maneno uliyonitamkia jana jioni kwa simu, mbele ya mke wangu na wageni wawili, sitayarudia hapa, kwa kuwa mengine siyajui tahajia yake. "Punda wa chaki" nimelielewa.

Unadai kwamba 3, 2 na 1 si nafasi bali ni pointi. Unadai kwamba wa kwanza ndiye hupewa tatu. Unadai kwamba watu wangu wote sitini na watatu wamemkabidhi tuzo binti wa Bwana Praful, wakamwachia mjukuu wetu pointi moja moja ya pole.

Nakukumbusha barua yako ya tarehe 3 Julai, mstari wa ishirini na tano. "Natasha apewe namba moja." Ni mkono wako. Nakala ninayo. Mimi nilitekeleza.

Katika nchi hii, mtoto akirudi nyumbani na ripoti iliyoandikwa 1, anachinjiwa kuku. Akirudi na 3, anaulizwa wale wawili walikula nini. Sikuwa na sababu ya kudhani kuna dunia nyingine.

Namba yako ya simu nimeifungia. Ukiwa na neno, andika.

Mwl. G. Mwasaru

*

Ilford
Jumatano, 6 Agosti 2025

Mwalimu mtukufu,

Naomba radhi kwa kukuita punda. Punda hana hatia.

Haya, makosa ni yangu. Nimesimama kando ya uwanja ule miaka sita, mvua na baridi, najua jina la mbwa wa kocha, na sikujua tatu ni kubwa kuliko moja. Umefurahi? Lakini wewe ulisoma fomu. Uliona imeanza na tatu. Mtu mwingine angeuliza. Wewe ukaenda kusema Waaustralia wanahesabu kwa kichwa chini, na watu wazima wakaitikia amina!

Sasa chukua chaki yako uandike hesabu hii, usiniandikie barua kwanza.

Pointi za kura za huku peke yake, na huku wameshapiga wote: Natasha 142, Ushma 40.
Mkaja nyinyi. Sitini na watatu mara tatu, Ushma akaongezewa 189. Natasha akaongezewa 63.
Jumla: Ushma 229, Natasha 205.

Tungelala usingizi tu, mimi na wewe, angeshinda mbali. Tungekuwa tumekufa angeshinda!

Lakini dawa ipo. Fomu inamruhusu mpiga kura kurudi na kubadilisha mwenyewe, mpaka tarehe 17. Kila mmoja akigeuza, Natasha anapanda mbili na Ushma anashuka mbili. Nimekaa na hesabu hii tangu asubuhi, mzee anayekoroma amenisaidia. Tunahitaji watu saba. Saba tu, Mwalimu! Kwaya moja ina waimbaji wa besi zaidi ya hao.

Nakungoja.

Solomon

*

Mwatate
Ijumaa, 8 Agosti 2025

MINT: WATU SABA

Shemeji,

Hesabu yako nimeipitia. Kwa masikitiko, ni sahihi.

Nimepata barua yako leo, nami sikupoteza muda. Nilimwita mwenyekiti wa kwaya, yuko hapa hapa sokoni, nikamwambia faraghani ageuze kura yake. Akaniuliza, "Kwani Mwalimu, ulikosea?" Nikamjibu hapana, ni utaratibu umebadilika. Akasema, "Basi tungoje utuambie sote pamoja, na ubao, tusije tukakosea sisi." Nikamwendea mama mmoja wa viazi. Naye hivyo hivyo. Nimewafundisha kunisubiri mimi.

Kwa hiyo hakuna saba, Solomon. Kuna sitini na watatu au hakuna. Na njia ni moja, nisimame mbele yao niseme mimi, Mwalimu Gerishon, niliyefundisha hesabu miaka thelathini na sita, nilishindwa kusoma tarakimu tatu.

Nitakwambia jambo, nawe usilifanyie mzaha. Tangu nistaafu ni miaka kumi na minne. Siku hizi nikisema neno kwenye mkutano watu wanaangalia simu. Siku ile ya ubao hakuna aliyeangalia simu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mkeo wangu nimekula, na sikuwa nimekula.

Siwezi kuufuta ubao ule kwa mkono wangu. Nisamehe. Mtafutie mtoto njia nyingine.

Gerishon

*

Ilford
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Shemeji,

Umeandika "mkeo wangu". Nimeliona kosa hilo na nimelipita kimya, ujue leo sikutanii.

Natasha ameyaona matokeo ya awali. Anafanya kazi duka la dawa, akaenda kazini, akarudi, akala, akaosha sahani yake na yangu. Niliomba simu yake nitazame saa. Ile ya Melbourne ameiondoa.

Nikamuuliza, kwa Kiswahili, unaumwa? Akanijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa. Wewe unajua hawa watoto wa hapa, Kiswahili wanakisikia chote lakini wanajibu kwa lugha ya malkia. Ila Natasha mimi huwa ananijibu Kiswahili kibovu, makusudi, anichekeshe. Wiki hii nzima ni Kiingereza, tena safi.

Sijamwambia ni sisi. Anadhani watu wa klabu yake ndio wamemkataa. Watu aliocheza nao miaka sita. Hicho ndicho kinachomla, si ndege ya Melbourne.

Wewe unaogopa watu sitini na watatu wasikuone mjinga. Mimi nimeonekana mjinga tangu darasa la nne na bado nakula. Haiui. Unasimama, unasema, wanacheka, mnakwenda kunywa chai.

Jumapili tarehe 17 ndiyo ibada ya mwisho kabla ya kura kufungwa. Nakupigia magoti hapa maktaba, na mwanamke anayetafuta kazi ananitazama.

Solomon

*

Ilford
Jumamosi, 16 Agosti 2025

SHEMEJI, USISIMAME!

Natumaini hukujibu ile ya Jumatatu kwa sababu bado umenuna. Endelea kununa. Safari hii kaidi mpaka mwisho, nakuomba. Nimejaribu simu ya mkeo mara nane, yule dada wa ndani ya simu anasema mteja hapatikani.

Leo asubuhi Praful amekuja hapa nyumbani. Kutoka Kingsbury mpaka Ilford, treni mbili, na boksi la pendha, zile peremende zao za maziwa. Kavaa suti. Nikajua amekuja kunicheka.

Hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kiti akatoa picha kwenye bahasha. Duka la bati, mlango wa mbao, mtu na mkewe na mtoto wa miaka kama tisa hivi amevaa kaptura. Nyuma kilima ninachokijua.

"Mwatate," akasema. "Hilo duka la baba. Tulitoka sitini na nane. Mimi watu wa huku nawaambia Voi, kwa sababu Mwatate nani anaijua?"

Nikaisogeza picha karibu na macho.

"Solomoni, nimeuona ukurasa wa kura. Kila mtu ameandika mji wake. Sitini na watatu, Mwatate, Mwatate, Mwatate. Wote wamempa Ushma tatu. Nikamwambia Damyanti mke wangu, hawa wameona jina letu. Miaka hamsini na saba. Mimi nilidhani tulifutika siku ile ile tuliyopanda gari." Akatoa leso. "Wewe ndiye uliwaambia kwamba Ushma ni wangu, sivyo?"

Mwalimu, ningesema nini? Nilisema, "Ndiyo, niliwatajia." Si uwongo. Akanishika mikono yote miwili. Huyu mtu anayeniambia kila Jumamosi kwamba kofia yangu ni chungu cha kupikia.

Natasha alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Sijui ameelewa kiasi gani. Ameingia chumbani akafunga.

Sasa niambie nifanyeje. Mkigeuza kura, Praful ataona Mwatate nzima imemnyang'anya bintiye kwa siku moja. Msipogeuza, Natasha ndiyo basi. Nimezunguka meza hii mpaka zulia limelia. Natasha ni kijana, atapata njia nyingine. Praful ana miaka sitini na sita na hana Mwatate nyingine. Acha ilivyo. Mimi nitalibeba kwa mjukuu wangu.

Usisimame kesho.

Solomon

*

Mwatate
Jumanne, 19 Agosti 2025

Shemeji,

Nilisimama.

Barua yako ya tarehe 16 nimeifungua leo. Ile ya tarehe 11 niliisoma Jumanne iliyopita na nikatembea nayo mfukoni siku tano. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kukuambia mpaka niwe nimelifanya.

Jumapili niliomba dakika kumi. Niliuchukua ubao ule ule. Nikaandika 3, 2, 1. Nikasema, "Hii tatu ndiyo kubwa. Mimi niliwafundisha kinyume. Nilikosea." Nilikuwa nimeandaa aya mbili za kuendelea, hazikutoka.

Halafu mwenyekiti wa kwaya akanyoosha mkono. "Mwalimu, rudia hapo pa mwisho. Huku nyuma hatukusikia." Nikarudia. Akasema, "Mara ya tatu, tuandike." Kanisa zima likaangua kicheko, Solomon, mchungaji ameshika meza. Wakanipigia makofi. Njeri akafungua saiba, na kufikia saa kumi na mbili jioni sitini na mmoja walikuwa wamegeuza. Fomu iliwadai sababu ya kubadilisha, nikawaambia waandike ukweli.

Wawili hawakugeuza: mmoja yuko hospitali Voi, mwingine alisema haoni sababu.

Sasa nimesoma habari za Bwana Praful. Nimekosea kwa kusimama kama nilivyokosea kwa kukaa. Saa ya Njeri ya kulipia kompyuta inaendelea kuhesabu, nami nafuta kila ninachoandika.

Namba yako nimeifungua. Usinipigie leo.

Gerishon

*

Ilford
Jumatano, 20 Agosti 2025

Babu Mwalimu,

Mimi ni Natasha. Sorry Kiswahili yangu ni mbaya. Masikio yangu inajua, ni mdomo inachelewa. Nimeandika hii mwenyewe, simu haijanisaidia.

Najua kila kitu. Babu aliprinti barua zenu zote akaficha kwa droo ya soksi. Mimi ndio nafua soksi.

Nimekasirika sana. Na wewe kidogo, na Babu sana. Mimi nilikuwa na 142 bila nyinyi. Hiyo 142 ni ya watu wenye walisimama kwa mvua, na wasichana wenye nimevunja pua nao. Ilikuwa yangu. Halafu mkachukua mkapea Ushma. Halafu mkachukua kwa Ushma mkanipea mimi, kama sahani. Wiki mbili nilifikiria timu yangu hainitaki. Wiki mbili! Nilikuwa naenda training naangalia kila mtu usoni, nani, nani, nani.

Na Babu miaka sita anasimama pale! Mimi nikikosa goli wananipea moja. Moja ni ya kukosa! Yeye mwenyewe anapiga kelele, "Moja si kitu!"

Sasa sikia. Nimeandikia klabu nimewaambia kila kitu, wasihesabu Mwatate hata moja. Wamefuta kura zote sitini na tatu. Imebaki 142 kwa 40. Kwa hivyo nimeshinda na zangu, na nitaenda na zangu. Ushma nimemwambia, alicheka mpaka alikaa chini. Babake hajacheka.

Babu ananiomba msamaha kila asubuhi na chai. Chai nakunywa. Bado sijajibu.

Siku nyingine mkitaka kunisaidia, niulizeni. Hata kwa Kiswahili. Nitaelewa.

Natasha

*

Ilford
Jumanne, 26 Agosti 2025

Shemeji,

Hongera kwa kufundishwa na mtoto. Na mimi nimefundishwa, somo langu lilikuwa la vitendo.

Karamu ya tuzo ilikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi juu ya baa. Natasha akaitwa. Kapanda, kachukua kikombe, akashika kipaza sauti akawashukuru watu waliompa pointi mia moja arobaini na mbili. Kisha akanitafuta kwa macho akasema, kwa Kiswahili, mbele ya Waaustralia wote, "Wengine tutaongea nyumbani." Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ameanza kunijibu, Mwalimu. Kibovu kile kile. Anasafiri tarehe sita.

Lakini Praful alikuwa meza ya mbali, amenipa mgongo. Hakuja na mwavuli, hakuniambia habari ya kofia. Alikuwa anasoma simu. Nikavumilia mpaka keki, nikashindwa, nikaenda nikasimama nyuma ya kiti chake kama mwizi aliyekuja kurudisha kuku.

"Praful," nikasema, "mimi ndiye niliwaambia wamweke Ushma mkiani. Walikosea njia ndiyo akafika mbele. Hawakukujua. Nilikuacha uamini."

"Usiniambie, nimesoma." Hakugeuka. "Kura zimefutwa lakini sababu bado ziko ukurasani. 'Mwalimu alikosea.' 'Mwalimu alikosea.' 'Mwalimu alikosea, Mungu amsamehe.' Mara sitini na moja, Solomoni. Kiswahili changu ni kizuri. Ningetamani leo kingekuwa kibaya."

Nikataka kwenda.

"Ngoja," akasema. "Huyu hapa hakugeuza. Nisomee, labda mimi ndiye sielewi."

Akanipa simu. Nikavaa miwani nikamsomea kwa sauti. Nanukuu yote, ili umwambie mwenyewe kwamba imefika:

"Jina Wakesho. Mji Mwatate. Sababu ya kubadilisha: Sibadilishi. Mwalimu aseme tatu ni kubwa, aseme tatu ni ndogo, shauri yake, mimi najua tatu ni mkia na huyo msichana abaki hapo hapo. Picha yake nimeiona, amefanana na wale wa duka la bati. Mwaka wa sitini na saba nilitumwa chumvi, mbwa wao Moti akaniuma paja na hakuna aliyeniambia pole. Kovu ninalo."

Nilipofika kwenye jina la mbwa, Praful alisimama. Kiti kikaanguka. Nikadhani ananipiga.

"Moti!" akasema. Akaita tena, kwa nguvu, mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. "Moti! Solomoni, nimelitafuta jina hilo miaka mingi! Nilimuuliza mama kabla hajafa, akasema hakumbuki kama tulikuwa na mbwa!" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na kidole amelinyooshea paja lake mwenyewe. "Alikuwa anauma kweli! Hata mimi aliniuma, hapa! Baba alimfunga na kamba ya gunia, anaitafuna!"

Ushma akaja mbio kuona babake ana nini. Sikuweza kumweleza. Ungeanzia wapi?

Basi tumekaa mpaka wanapanga viti. Hajanisamehe, amesema atafikiria. Lakini ana maombi mawili, na nimeahidi kukuandikia vizuri, uyafikishe.

La kwanza, umwendee Bibi Wakesho, umwambie Praful mwana wa duka la bati anasema pole.

La pili hakulisema mpaka tumefika mlangoni, ameshavaa koti. Siku ile walipoondoka gari lilijaa. Mbwa alibaki amefungwa nyuma ya duka. Umuulize huyo mama kama anajua nani alimfungua.

Solomon